Fundo la Mkono wa Kushoto

11 Februari 1991

Mwanangu Kimya,

Kabla sijasema lolote pokea salamu za nyumba nzima, kila mtu na yake, maana nikizichanganya wataninunia. Bibi yako anakusalimu. Amesema nikuandikie hivi hivi: mume wake asipofika kabla ya mvua ataolewa na mwingine, na huyo mwingine ameshamwona, ana baiskeli. Meno yamebaki matatu lakini maneno hayajapungua. Dada yako anakusalimu, na shemeji yako, na mapacha wao. Mkubwa wao amejifunza kupiga mluzi na hatupumui. Baba yako mdogo anakusalimu, bado anashona viatu pale pale barazani kwa mwenye duka, mgongo unamsumbua lakini ulimi haumsumbui. Mama jirani wa mlango wa kijani anakusalimu, goti limevimba tena. Hata yule kuku kilema yupo, hatujapata moyo wa kumchinja. Mimi ni mzima, ila macho yanakataa ikikaribia jioni, kwa hiyo naandika asubuhi, mistari mitano halafu nafua nguo za watu, nakausha mikono, mistari mitano tena. Ukiona doa hapa ni sabuni, si machozi.

Habari za nyumba si nzuri sana. Ufa wa chumba cha nyuma, anakolala bibi yako, umetoka dirishani umeshuka mpaka chini. Kidole kinaingia. Dada yako na shemeji yako wamekuja, wanataka tuhamie kwao, chumba chao cha uani kiko tupu. Na wewe usiniandikie ile ya usipoziba ufa, dada yako ameiimba mpaka mapacha wanairukia kamba. Nimewajibu ninavyojibu siku zote. Marehemu baba yako aliijenga nyumba hii tofali kwa tofali, na siku anakata roho neno lake la mwisho, ulilolisikia wewe kwa masikio yako, lilikuwa kwamba nyumba ile mama asiiache. Huu ni mwaka wa tisa. Wosia wa marehemu si koti, huwezi kuuvua kwa sababu umeona joto. Na bibi yako anasema mkwe wake akihama naye atahama, asipohama, yeye na kitanda chake hawaendi popote.

Sasa lililonikalisha kuandika. Breki, yule dereva wa lori la mbao, aliniletea salamu zako, halafu akaropoka. Anasema siku hizi unaiacha karakana saa saba mchana, unakwenda hospitali kuosha wagonjwa usiowajua, kuwalisha na kuwageuza, na hulipwi hata senti. Nikamwambia amekufananisha. Akasema, mama, nimemwona na aproni ya bluu, ananuka dawa. Mwanangu, wewe ulikuwa unakimbia kuku akichinjwa. Kama ni binti, sema ni binti, tutafurahi. Kama umefukuzwa kazi, sema. Kama wewe mwenyewe ndiye mgonjwa na unanificha, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimempa Breki kifurushi, ni shati zako mbili nimezigeuza kola. Nimekifunga kwa fundo langu la mkono wa kushoto. Usilikate. Vuta ncha fupi, kama nilivyokuonyesha mara mia.

Nijibu.

Mama yako


2 Machi 1991

Mama yangu,

Shikamoo. Salamu zote nimezipokea moja moja na zote nazirudisha, mpaka kwa kuku. Mwambie mke wangu asidanganyike, baiskeli ile ni ya kuazima, nimechunguza.

Fundo nimelikata na patasi. Nisamehe. Nilivuta ncha fupi likakaza, nikavuta ndefu likakaza zaidi. Seremala mwenzangu naye alijaribu, akasema mama huyu angefaa kufunga mizigo ya lori.

Siumwi, sijafukuzwa, na binti hayupo. Ni chama tu cha watu wanaojitolea kukaa na wagonjwa wasio na ndugu. Mtu analetwa na wapita njia, hana wa kumletea uji, na wodi ina wauguzi wawili kwa vitanda arobaini. Sisi tunamlisha, tunamwosha, tunamgeuza kila baada ya saa mbili asije akachubuka mgongo. Wengine wanapona wanaenda zao bila kuaga. Wengine hawaponi. Mwenyekiti wetu ni mkunga mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Siku ya kwanza alituambia, "Msiulizane kwa nini mmekuja. Ulizaneni mtarudi lini."

Lakini watu huulizana tu. Yuko mwalimu mstaafu, anasema nyumbani kwake siku hizi kinachoongea ni saa ya ukutani peke yake. Yuko muuza nyama, jitu la watu, anakuja kwa sababu wodini anaambiwa asante na buchani anaambiwa mizani yake ina kasoro. Yuko msichana anayetaka cheti apate nacho kazi, anasema hivyo bila aibu, na ndiye anayewahi kuliko sisi wote. Nikaulizwa mimi. Nikasema nafuata chai. Wakacheka, ikaisha.

Basi na wewe pokea hiyo hiyo, Mama. Chai yao ni nzuri, ina tangawizi.

Ila ufa ukishaingiza kidole si wa kuusubiri. Nenda kwa dada. Nakuomba sana.

Mwanao


19 Machi 1991

Mwanangu Kimya,

Tu wazima, tunashukuru. Bibi yako alikohoa wiki nzima, sasa amepoa, anasema kikohozi kilimkimbia. Dada yako hajambo ila amenuna. Mapacha wamepunguza mluzi, wamehamia kwenye ngoma, ngoma yenyewe ni ndoo yangu ya kufulia. Mama jirani amepata mkongojo. Baba yako mdogo anakusalimu sana. Ameleta miti miwili mikubwa akaegemeza ukuta wa nyuma kwa nje, kaisimamisha yeye mwenyewe na mgongo wake ule. Namtazama nacheka moyoni. Huyu ndiye aliyetaka nyumba iuzwe siku ya msiba, majivu ya moto wa waombolezaji hayajapoa, akataka mimi nirudi kwetu na fungu langu la sufuria. Neno la baba yako ndilo lililomziba mdomo. Leo anaegemeza. Watu hubadilika, ama wanazeeka tu.

Ufa sasa unaingiza kiganja.

Chai yako nimeikataa. Chai hata hapa ipo. Mtu hambebi mgeni kila siku kwa ajili ya tangawizi. Nimekaa na jambo hili nikifua, nikipika, nikianika. Najua wanaosaidia ili waonekane, mke wa diwani akileta blanketi moja anakuja na watu sita wa kumtazama akilitoa. Wewe hata mimi hukuniambia, basi si kuonekana. Wapo wanaosaidia kwa sababu na wao walisaidiwa. Sisi nani alitusaidia? Wapo wapweke kama huyo mwalimu. Wewe una karakana imejaa watu. Wapo wengine pia, lakini nikifika hapo kalamu inasimama.

Mimi ndiye niliyekuzaa, sauti yako naijua hata kwenye karatasi. Ulichelewa kusema mpaka wakakuita Kimya, na mpaka leo ukifanya mizaha mitatu katika ukurasa mmoja najua kuna kitu umekikalia.

Unanawa mikono? Nawa kwa sabuni, si maji matupu. Usinywe kwenye kikombe cha wodini. Maradhi hayajui nani kajitolea na nani kalazwa.

Niambie kwa nini. Sitagomba.

Mama yako


14 Aprili 1991

Mama yangu,

Shikamoo, na nisamehe kwa kuchelewa karibu mwezi. Barua yako ilikaa mfukoni mwa aproni mpaka imelainika. Wasalimie wote. Mke wangu mwambie kikohozi kilichomkimbia kina akili.

Nimechelewa kwa ajili ya mzee wa kitanda cha kumi na nne. Aliletwa hana jina. Tulimwita Mzee wa Kofia kwa sababu alikataa kuivua, hata tulipomwosha aliishika kwa mkono. Nilikaa naye siku kumi na moja.

Kwetu chamani kuna utaratibu mmoja. Mtu akiwa anakata roho, aliye karibu naye anaandika kwenye daftari maneno yake kama yalivyotoka, hata kama hayana kichwa wala miguu, ili ndugu wakitokea siku moja wayakute. Mzee wa Kofia alifariki Jumanne mchana. Neno lake la mwisho alisema, "Huyu mbuzi ni wa nani?" Nikaandika. Huyu mbuzi ni wa nani.

Baada ya siku nne akatokea binti yake. Alikuwa amemtafuta baba yake mwaka mzima, mji kwa mji. Akauliza alisemaje. Nikafungua daftari nikamsomea.

Akasema, "Hakututaja?"

Nikasema hakutaja mtu.

"Hata mara moja? Kaka yangu, hebu fikiri vizuri."

Muuza nyama alikuwa amesimama nyuma yake ananikonyeza, ananitikisia kichwa niseme ndiyo. Nikasema, "Hapana, dada. Alitaja mbuzi tu." Akakaa sakafuni, hapo hapo katikati ya vitanda, na begi lake mgongoni.

Muuza nyama akanivuta nje. "Wewe roho yako ni patasi," akaniambia. "Neno moja la kumpoza lingekugharimu nini?"

Nikamwambia gharama yake naijua. Akanitazama, akarudi ndani. Mwenyekiti hakunilaumu, alisema tu nipumzike siku tatu. Sikupumzika.

Mama, kuna jambo nataka kuliandika tangu barua yako ya kwanza. Nimeanza mara nne. Sasa Breki amewasha injini anapiga honi. Hama kwanza, mengine baadaye. Baba alikuwa mwashi, kuta alizijua kuliko sisi. Kama angeuona ufa huo angekwambia uhame.

Mwanao


28 Aprili 1991

Mwanangu,

Wote wanakusalimu, leo sitawataja, mvua inanyesha na Breki hataki kusubiri, anasema daraja limeanza kutikisika.

Umeandika kwamba baba yako angeuona ufa angeniambia nihame. Lakini hakuniambia hivyo. Aliniambia, kwa mdomo wako, nisiiache. Mimi nimechoka, mwanangu. Dada yako ananililia kila akija. Bibi yako amehamisha mto upande wa mlango lakini chumbani hatoki, anasema ananisubiri mimi.

Basi nakuuliza wewe uliyekuwepo. Niambie tena alivyosema. Alisema nisiiache kabisa kabisa, au kuna lingine alilisema ambalo wewe kwa utoto ulilisahau? Watoto husahau. Sitakuuliza kwa nini hukuniambia mapema. Ukiniandikia kwamba baba yako aliniruhusu, hata kwa neno dogo, nafunga virago siku hiyo hiyo na bibi yako nambeba mgongoni akitaka asitake. Lakini neno litoke kwako. Mimi siwezi kulitoa.

Usichelewe kama ile mara nyingine.

Mama yako


5 Mei 1991

Mama,

Shikamoo. Salamu za wengine nitazileta siku nyingine.

Baba hakusema neno lolote. Sikuwepo.

Asubuhi ile ulinipa bakuli la uji, ukaniambia nikae naye mpaka utakapomaliza kufua za watu saa tisa. Niliingia wodini. Alikuwa anavuta pumzi kwa ile sauti, unaikumbuka, kama msumeno kwenye mbao mbichi. Nikasukuma bakuli chini ya kitanda. Akanitazama. Nikamwambia nakwenda kuchota maji.

Sikwenda kuchota maji. Ningependa kukuambia nilikwenda kucheza mpira, maana mtoto akienda kucheza husamehewa. Nilikaa nyuma ya wodi, kwenye ngazi za mahali wanapofulia mashuka, tangu saa mbili asubuhi. Nilikuwa nahesabu mashuka kwenye kamba. Nilijiambia nikifika mia narudi ndani. Nikifika mia naanza upya. Niliogopa ile sauti tu, Mama, hakuna kingine.

Niliporudi ilikuwa saa nane. Alikuwa ameshakwenda. Hakuna aliyejua, hata wauguzi. Mimi ndiye niliyewaita.

Ulipofika watu walikuwa wamejaa. Ukaniuliza mbele yao alisemaje. Na mimi juzi yake nilikuwa nimemsikia baba mdogo akimwambia shangazi kwamba kaka akifa nyumba iuzwe na mjane arudi kwao. Nikafungua mdomo, likatoka lenyewe: nyumba ile mama asiiache. Nikamwona baba mdogo ameinamisha kichwa. Nikaona uso wako umetulia kidogo. Nikaongeza kwamba alikula vijiko viwili vya uji.

Ulitaka kujua kwa nini nakaa na wageni. Hiyo ndiyo sababu. Si huruma. Mwenyekiti ananisifu mbele ya watu kwamba nina huruma, nami natazama chini. Nakwenda pale ili nisiwe kwenye ngazi. Kila ninayemgeuza najiambia huyu hayuko peke yake, halafu natega sikio kama atasema kitu ambacho labda na baba angekisema. Hakuna aliyekisema. Wanaulizia mbuzi. Wanaomba dirisha lifungwe. Mmoja aliniuliza kama nimeshakula. Huyo alinisumbua wiki mbili.

Jana nilikaa kuandika kwamba baba alikuruhusu uhame. Ulikuwa umeniandalia njia kabisa. Nimeshindwa, mkono umekataa kumsemea tena.

Hama, Mama. Hakuna wosia. Hakuna kinachokushika humo ndani. Kisha nifanye unavyotaka. Barua hii nampa Breki leo hii, nimemwambia asilale njiani.

Kimya


12 Mei 1991

Mwanangu Kimya,

Jibu lako sijalipata. Wanasema daraja limechukuliwa na maji na malori yamesimama upande wa pili. Barua hii naipeleka kwa mtu anayevuka kwa kamba.

Wanaokusalimu ni dada yako, shemeji yako, mapacha, baba yako mdogo na mama jirani. Ukiwahesabu utaona nani hayumo.

Ilikuwa Jumatano, tarehe nane, asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, tukasema afadhali. Mimi nilikuwa uani naanika. Bibi yako alikuwa kitandani ananiita nimtafutie kitana, kwamba mume wake anaweza kuja siku yoyote na nywele zake ziko hivi. Nikamwambia, mama, ngoja nimalize shuka hili. Ukuta haukutoa sauti. Siku zote nilidhani utalia kwanza, nipate kukimbia. Ulikaa chini tu kama mtu aliyechoka. Miti ya baba yako mdogo ilibaki imesimama.

Watu walikuja wakachimba. Baba yako mdogo alichimba kwa mikono. Wengine hata siwajui, mmoja alikuwa na mkate kwapani, akauweka juu ya jiwe akaanza kuvuta matofali, alichimba mpaka saa sita, akachukua mkate wake akaenda. Hakuna aliyemwita, wala hakusema jina. Nilikufikiria wewe.

Hatukumkuta mzima. Kitana kilikuwa chini ya mto wake muda wote.

Tulimzika kesho yake. Hatukuweza kukusubiri, na njia yenyewe haipo. Sasa niko kwa dada yako, chumba cha uani. Basi nyumba nimeiacha. Yule kuku kilema amepona.

Usije kwa kamba. Subiri daraja. Nimebaki na woga mmoja tu, ni wewe.

Mama yako


30 Mei 1991

Mwanangu Kimya,

Barua yako ya tarehe tano imenifikia jana. Imelowa na kukauka mara mbili lakini inasomeka. Breki alinipa kwa mikono miwili, akaniomba msamaha kama yeye ndiye daraja. Dada yako na shemeji yako wanakusalimu, mapacha hawachezi tena ngoma, wameambiwa wakae kimya na sasa ukimya wao unanitisha. Mama jirani anakusalimu. Baba yako mdogo hashoni viatu siku hizi, anakwenda pale kwenye matofali anayapanga. Wote walitaka kujua umeandika nini. Nikawasomea salamu ambazo hukuziandika, na pole kwa kila mmoja. Kwa hiyo na mimi nimetunga.

Sasa nisikilize. Nilijua.

Siku ile walinipa vitu vyake, kandambili, shati na lile bakuli. Bakuli lilikuwa bado limefungwa ndani ya kitambaa chake. Fundo langu la mkono wa kushoto, ncha fupi iko pale pale nilipoiacha alfajiri. Na wewe ulikuwa umeshaniambia amekula vijiko viwili. Fundo lile hulijui kulifungua mpaka leo, unalikata na patasi. Baba yako alikuwa analing'ata kwa meno. Nililibeba mpaka nyumbani nikalifungua mwenyewe, uji umechacha, nikaumwaga nyuma ya choo nikaosha bakuli. Nikajua mtoto hakuwa pale, na kama hakuwa pale hakusikia kitu.

Nilinyamaza. Ulikuwa na miaka kumi na minne tu. Hilo ni moja. La pili si zuri. Neno lako lilinifaa. Lilimnyamazisha baba yako mdogo, nikabaki na mlango wangu. Kila aliyeniuliza nilimrudishia neno hilo, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka likawa kama fanicha ya mle ndani. Ufa ulipokuja nilitaka kuhama, Mungu anajua, tangu ulipokuwa unaingiza kidole. Lakini nikihama ni kusema sikuwahi kuamini. Niliogopa utajua kwamba najua. Ndiyo maana nikakuandikia ile barua ya mwezi wa nne, ili unitungie neno jingine nipate kutoka. Sikujua kwamba umeshaacha kutunga.

Bibi yako tumemzika kwa sababu ya neno ambalo wewe hukulisikia na mimi sikuliamini. Nakuandikia hivyo wazi kwa sababu wewe umeniandikia wazi. Usilibebe peke yako. Upande mzito ni wangu, wewe ulikuwa mtoto na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye chumba cha kuhamia.

Nilitaka uache hospitali. Sasa sitaki uache. Nilikuuliza kwa nini, nikajibiwa, na mwenyekiti wenu alikuwa na akili kukataza kuuliza. Nenda kakae nao. Yule binti aliyekaa sakafuni na begi lake, mimi ningekuwa yeye ningekuchukia siku ile, halafu siku moja nikiwa nafua ningekushukuru. Nawa mikono tu.

Ila kuna kitu kimoja hukukiandika, nimesoma mara tano sijakiona. Umesema ulimkuta ameshakwenda na hakuna aliyekuwa amejua. Basi wewe ndiye uliyemwona wa kwanza, kabla hawajamnyoosha. Kitanda chake kilikuwa kimeshika ukuta, na mlango ulikuwa upande wake wa kulia. Miaka tisa nimelala na swali hili na sikuwa na wa kumwuliza, maana ningemwuliza nani nisijifichue. Alikuwa ametazama mlangoni, au alikuwa amegeukia ukutani?

Niandikie hilo tu, mstari mmoja unatosha. Wameweka daraja la magogo, na Breki anatoka huko kwenu Ijumaa, mpe siku hiyo hiyo, hata kama ni kwenye kipande cha mbao. Nijibu upesi, mwanangu, na usinitungie.

Mama yako